Sinema ya Vita Huharibika Wapi?

Jumamosi moja jioni, katika nyumba ya askari mmoja mtaani Buyenzi, watoto watatu walikuwa wameketi mkekani wakitazama sinema ya vita. Baba yao alikuwa amekwisha kurudi kutoka Mogadishu, alikotumikia katika kikosi cha Burundi. Mama alikuwa mlangoni akichambua maharage. Katika sinema ile mtu mmoja, kifua wazi, alisimama katikati ya barabara akipiga bunduki mfululizo, na adui zake wakawa wanaanguka kama mabua yaliyofyekwa. Mtoto wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa, akageuka na kuuliza:

"Baba, na wewe kule uliwaua wangapi?"

Baba hakujibu. Alivaa ndala zake akatoka uani, na mama akaizima televisheni.

Swali la mtoto yule halikuwa utovu wa adabu. Alikuwa amefunzwa na sinema kwamba kazi ya askari huhesabiwa kwa maiti, naye akataka kujua hesabu ya baba yake. Nyumba za namna hiyo ni nyingi katika jiji la Bujumbura, na kwa ajili yake yafaa kupima ni kitu gani hasa kinachoifanya sinema ya vita kuwa mbaya.

Askari wenyewe, wakiulizwa jambo hilo, huanza na silaha. Bunduki ya Kalashnikov yenye magazini ya risasi 30 hupiga kiasi cha risasi 600 kwa dakika. Mtu akishikilia kifyatulio bila kukiachia, magazini yake huwa tupu kwa muda wa sekunde tatu. Shujaa wa sinema hupiga hata dakika nzima, wala haonekani amebeba risasi za akiba. Bomu la mkono katika sinema hutoa moto mwekundu mkubwa kama pipa la petroli lililoripuka, hali bomu la kweli hutoa vumbi, moshi na vipande vya chuma. Aliyepigwa risasi ya bega hufungwa kitambaa, na baada ya kitambo anapanda ukuta kwa mkono uleule. Kikosi kizima hutembea kimesongamana kama watu watokao sokoni, ingawa kila kuruta hufundishwa siku za mwanzo kuacha nafasi baina yake na mwenzake, bomu moja lisije likawamaliza wote. Sababu ya kosa hilo ni nyepesi: wakitawanyika, nyuso zao haziwezi kuenea katika picha moja.

Makosa hayo huwachekesha wazee wa kazi, na madhara yake si makubwa sana. Ubaya mzito zaidi hujificha katika sinema ambazo bunduki zake ni sahihi na mashine zake ni sahihi, lakini ndani yake wenye roho ni wachache tu, na wengine wote ni vivuli.

Mfano wa kwanza unalihusu ziwa ambalo wakazi wa Bujumbura huliona kila asubuhi. Mwaka 1951 John Huston alitengeneza filamu iitwayo The African Queen, kutokana na riwaya ya C. S. Forester iliyochapwa mwaka 1935. Humphrey Bogart na Katharine Hepburn ndio waigizaji wakuu, na Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Ni habari ya mlevi mwenye kimashua cha mvuke, na dada wa mmisionari, wanaoteremka mtoni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili wakaizamishe manowari ya Wajerumani iliyo ziwani. Kama hadithi ya mapenzi, filamu hiyo inapendeza hata leo, na si haki kuikatalia sifa hiyo. Lakini wengi wameitazama wakidhani wamejifunza jinsi vita ilivyopiganwa katika nchi hizi.

Asili ya hadithi hiyo ni vita ya Ziwa Tanganyika. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, iliundwa Ujerumani, ikapakiwa vipande vipande katika makasha, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwezi Februari 1915. Waingereza nao walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Mashua hizo zilitoka Cape Town kwa reli hadi Katanga, kisha zikakokotwa kwa magari ya mvuke na maksai kupita milima ya Mitumba, zikapandishwa reli tena, zikateremka mto Lualaba, hata zikafika Lukuga, mahali ambapo leo ni Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka mashua ya Wajerumani iitwayo Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 kikosi hichohicho kikaizamisha Hedwig von Wissmann. Mwezi Juni mwaka huo Wabelgiji wakaingia Usumbura, jina la Bujumbura la wakati ule.

Basi ni nani aliyezivusha mashua zile milimani? Ni mamia ya watu wa Kongo waliofyeka msitu, wakajenga madaraja kwa magogo, wakabeba kuni na maji ya kulisha magari ya mvuke. Katika vita ile ya Afrika Mashariki, majeshi ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji yaliwatumia wapagazi kwa mamia ya maelfu, na wapagazi waliokufa kwa homa, kuhara na njaa walizidi sana waliokufa kwa risasi. Jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam latokana na kambi ya wapagazi hao. Katika The African Queen, Waafrika huonekana mwanzoni wakiimba kanisani wimbo wasioujua, kisha nyumba zao zinachomwa nao wanachukuliwa. Tangu hapo hawaonekani tena, ila askari wanaopiga risasi kutoka ngomeni. Vita nzima imebaki kwa watu wawili na kimashua chao.

Hata mwisho wa manowari umebadilishwa. Katika filamu meli inaripuliwa na mabomu ya mashujaa wale wawili. Graf von Götzen yenyewe haikuzamishwa na adui. Wajerumani waliizamisha wao wenyewe karibu na Kigoma mwezi Julai 1916, baada ya kuzipaka mashine zake grisi nyingi kwa matumaini ya kuirudia. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi ilibeba abiria, dagaa na mahindi, na mwezi Mei 2015 ilitumika kuwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma. Habari hiyo ina mengi kuliko mripuko wa dakika moja, lakini haikuwafaa watengenezaji.

Mfano wa pili unazigusa nyumba za askari moja kwa moja. Black Hawk Down ilitengenezwa na Ridley Scott mwaka 2001, kuhusu mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993. Kwa ufundi haina mpinzani wa karibu. Ilipata tuzo mbili za Oscar, ya uhariri na ya sauti. Mwenye kusikia milio yake hudhani yumo ndani ya mtaa ule. Lakini ilipigwa Moroko, na miongoni mwa waigizaji wake wakuu hakuna Msomali hata mmoja. Wasomali hukimbia, hupiga kelele, huanguka. Hakuna anayeonyeshwa akimtafuta mtoto wake, wala kufunga duka kwa hofu. Askari wa Malaysia na Pakistani, ambao magari yao ya chuma yaliwatoa Wamarekani katika mzingiro, wanaonekana kwa kitambo kidogo tu. Mat Aznan Awang wa Malaysia alikufa usiku ule katika kazi hiyo ya uokoaji, na filamu haimtaji. Mwishoni maandishi yanasema Wasomali zaidi ya 1,000 walikufa pamoja na Wamarekani 19, kisha majina ya Wamarekani hao yanaandikwa yote. Kuandika majina ya wafu wao ni jambo jema, wala hakuna askari atakayelipinga. Walio wengi zaidi wameachwa kuwa tarakimu.

Burundi ilipeleka askari wake Mogadishu tangu Desemba 2007, na vikosi vikapokezana huko kwa zaidi ya miaka 15. Tarehe 22 Februari 2009 askari 11 wa Burundi waliuawa kituoni mwao kwa shambulio la kujitoa mhanga. Wake zao na mama zao wanajua vizuri tofauti ya kuwa jina na kuwa tarakimu. Mjane anayeitazama sinema ambayo askari wa nchi ndogo hupita nyuma ya picha kama magunia hahitaji kuelezwa na mtu kasoro iko wapi.

Isidhaniwe kwamba sinema nzuri ya vita haiwezekani. Mwaka 2006 Rachid Bouchareb alitengeneza Indigènes, habari ya askari wa Afrika ya Kaskazini walioipigania Ufaransa dhidi ya Ujerumani. Mapigano yake si mengi. Ugomvi mmoja mkubwa ni wa nyanya: melini, askari Waafrika wananyimwa nyanya wanazopewa wenzao weupe, nao wanazimwaga na kuzikanyaga sakafuni. Mwenye kuwahi kupanga foleni ya chakula kambini huelewa mara moja kwa nini nyanya zaweza kuleta maasi. Mwishoni mzee mmoja aliyesalia anakwenda kuyazuru makaburi ya wenziwe, kisha anarudi katika chumba chake cha kimaskini. Waigizaji wakuu walipewa kwa pamoja tuzo ya uigizaji bora huko Cannes. Lakini matokeo makubwa yalikuja baadaye. Pensheni za askari wa zamani wa makoloni zilikuwa zimegandishwa tangu mwaka 1959. Mwezi Septemba 2006, baada ya Rais Jacques Chirac kuiona filamu hiyo, serikali ya Ufaransa ilitangaza kuzipandisha pensheni za wapiganaji na za majeruhi zilingane na za Wafaransa. Malimbikizo ya miaka iliyopita hayakulipwa. Hata hivyo, ni sinema ngapi za shujaa kifua wazi zilizowahi kumwongezea mstaafu hata faranga moja?

Katika nyumba ile ya Buyenzi, mama alimaliza maharage yake, akamfuata mumewe uani.

"Baba watoto," akasema, "mtoto anangoja jibu. Usipompa wewe, atapewa na ile televisheni."

Baba akarudi ndani, akaketi mkekani pamoja na watoto. Aliwaeleza habari za majengo ya chuo kikuu cha zamani walimolala, mifuko ya mchanga waliyoijaza mpaka viganja vikachubuka, joto la mchana, na zamu ya maji. Akawasimulia habari za mpishi wa kikosi chao, mtu wa Ngozi, aliyejua kupika maharage kwa kuni mbichi bila kuyatia harufu ya moshi. Alilitaja jina lake mara mbili. Mtoto wa kiume akauliza kama mpishi huyo alikuwa na bunduki.

"Alikuwa nayo," baba akajibu. "Aliiegemeza karibu na gunia la mchele."