Mtaa wa Fedha Unaanzia Ziwani

Mji Mkongwe wa Unguja umezoea matembezi ya kuchekesha. Mwongozaji husimama Forodhani, akaeleza jinsi ushuru wa kisultani ulivyokodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, na baadaye kwa Tharia Topan; akatania kwamba mwenye nchi alikuwa akimkopa mpangaji wake. Wageni hucheka, wakapiga picha milango, wakenda zao kula.

Utani huo una kosa moja: unaanzia mwisho. Fedha za mtaa ule hazikuota Forodhani. Sehemu kubwa ilitoka bara, na njia moja iliyotajika ilianzia Ziwa Nyasa, ambako misafara ya karne ya 19 ilichukua pembe na watu, ikawateremsha Kilwa, kisha wakavushwa hadi Unguja na kulipiwa ushuru, kichwa kwa kichwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873. Hesabu yake haijafungwa.

Basi atakaye kucheka kwa haki na aifuate fedha hadi ilikotoka.

Kituo cha kwanza ni Liuli, kaskazini ya Mbamba Bay, ambako Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe lake. Hapa ilikuwa ikitia nanga meli Hermann von Wissmann, iliyoletwa ziwani kwa fedha za bahati nasibu iliyochezwa Ujerumani kwa jina la kupinga utumwa. Msomaji na airudie sentensi hiyo. Uhuru wa watu wa Nyasa ulikatiwa tiketi, na waliongojea zawadi walikuwa ng'ambo! Haukupita muda mrefu, dola ile ile ya wakombozi ikaitoza kila nyumba kodi, na asiye na rupia akalipa kwa mikono yake. Agosti 1914 Waingereza waliipiga meli hiyo mizinga ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, nahodha wake hana habari kwamba vita vimeanza.

Kutoka ziwani njia hupanda milima ya Umatengo. Huko ipo benki isiyo na mlango wala mlinzi, nayo ni ngoro. Mwanamume hufyeka nyasi akazilaza miraba miraba. Mwanamke huchimba katikati na kuzifukia. Nyasi huoza zikawa mbolea, shimo likanasa mvua, udongo usiporomoke. Amana huwekwa kwa jembe, na riba hutoka ikiwa maharage na mahindi. Benki hii haijapata kufilisika, labda kwa kuwa haina bodi ya wakurugenzi.

Pembeni ya ngoro kuna mibuni, na hapo mambo hubadilika. Kahawa ililimwa Mbinga, lakini kwa miaka mingi bei yake ilitajwa mnadani Moshi, upande mwingine wa nchi. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Jembe halikuyumba siku hata moja; kilichoyumba ni daftari.

Kituo cha mwisho ni mjini Mbinga, palipokuwa na Mbinga Community Bank. Tarehe 12 Mei 2017 Benki Kuu iliifunga kwa upungufu wa mtaji na ukwasi. Kinga ya amana wakati huo ilikuwa na kikomo cha shilingi 1,500,000 kwa mwenye amana; aliyeweka zaidi ya hapo alibaki kungoja mfilisi amalize kazi yake. Hapa mwongozaji stadi angeshindwa kutania, na kushindwa kwake kungekuwa somo bora kuliko utani wote wa Forodhani.

Wapo wasemao kwamba historia ya fedha ni majumba, na kwamba mkulima wa Umatengo ana kilimo tu. Wasemao hivyo wamelisifu sanduku wakamsahau aliyelijaza. Majumba ya mawe hayakuwahi kuzaa hata pesa moja, yaliipokea tu. Matembezi ya Unguja yaendelee, na vicheko viwepo, maana mabwana wa ushuru wanastahili kuchekwa. Ila kabla ya utani wa kwanza, mwongozaji ataje Kilwa, ataje na Nyasa.