SANAMU NDOGO ZA UPANGA: TUNACHEZA BURE?



Tangu kikundi chetu kianze kukutana siku ya posho alasiri, tunasikia maneno mawili. Wamoja wanasema: «Wakubwa wa mwaka wa sita wanacheza na watoto wa sanamu!» Wengine wanauliza: «Masomo ya Kikristo yanafundisha watu kupigana kwa upanga juu ya meza?» Basi, tunajibu hapa.

Neno la kwanza halitusumbui. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha sheria za vita vya sanamu, Little Wars, mwaka wa 1913, naye hakuwa mtoto. Tena kazi yenyewe inataka mkono uliotulia. Sanamu moja iko na urefu wa santimita mbili na nusu tu. Kwanza unaiosha kwa sabuni, maana rangi haishiki juu ya mafuta ya kiwanda. Unakata bunduki kwa wembe, unatoboa mkono kwa sindano ya moto, unaingiza kipande cha waya kilichopigwa nyundo: huo ndio upanga. Joho ni karatasi laini iliyochovywa katika gundi. Rangi inapakwa nyepesi, mara nyingi, na kila mara unangoja ikauke. Asiye na subira anaharibu kazi ya juma zima kwa dakika moja.

Neno la pili ndilo zito. Sanamu zetu ni Wafaransa wa karne ya 17, wale wamusketeri ambao Alexandre Dumas alisimulia habari zao mwaka wa 1844. Kikosi chao kilianzishwa mwaka wa 1622, wakati wa mfalme Louis XIII. Walivaa joho la buluu lenye msalaba mweupe, na kila mtu kwetu anataka kupaka hilo joho tu, juu ni zuri.

Lakini msalaba wa kifuani usitudanganye! Jeshi la mfalme yule yule lilizunguka mji wa Waprotestanti, La Rochelle, mwaka wa 1627 mpaka 1628, na watu maelfu walikufa kwa njaa. Na ile michezo ya upanga kati ya wakubwa, juu ya neno dogo la heshima, ilimaliza vijana wengi. Mfalme aliikataza kwa amri ya mwaka wa 1626. Bwana François de Montmorency-Bouteville akapigana hata hivyo, mchana, katikati ya Paris. Mwaka wa 1627 akakatwa kichwa.

Kwa hiyo sisi tunasema: ubaya hauko katika upanga wa waya. Ubaya ni kupaka rangi nzuri juu ya uongo. Tunaomba kikundi kikubali kanuni mbili. Kwanza, kabla ya kukata sanamu, mtu aeleze wenzake ni nani anayemtengeneza. Pili, anayepaka mmusketeri mmoja atengeneze pia mtu mmoja wa La Rochelle, mwenye njaa usoni.

Na ninyi walimu wetu, musifunge kikundi. Mukuje siku ya posho, mushike sanamu yoyote, mutuulize: huyu ni nani, na alimfanyia nani nini? Tukikosa jibu, hapo mufunge.