Ukiumia Kitengela usiku, nani anamcheki daktari intern?

Msee, ukigongwa na nduthi hapo Namanga Road saa nane usiku, daktari wa kwanza kukuona anaweza kuwa intern. Digrii anayo, lakini bado yuko kwenye ule mwaka wa kufanya kazi chini ya usimamizi. So kukagua kazi yake ni poa: alikufikia baada ya dakika ngapi, alipima presha, aliandika nini kwa faili? Ukaguzi ukiishia hapo, ni kumsukumia mtoto wa watu mzigo wote. Faili ionyeshe pia daktari mkubwa wa zamu aliitwa saa ngapi, na kama alitokea. Mgomo wa 2024 ulikaa siku 56, vita kubwa ikiwa doo ya hawa wanagenzi: 206,400 za mkataba wa 2017 ama 70,000 za serikali. Stori ya doo tuliiskia kila siku. Ya nani husimama nao usiku, mimi bado naingoja.