Kuzunguka Iceland kwa gari na watoto: anza kwa kuhesabu siku

BARABARA Namba 1 ya Iceland, inayoizunguka karibu nchi nzima, ina urefu wa kilomita 1,322. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, ambao ndio ukomo kwenye lami nje ya miji, mzazi anaona ni saa 15 tu za usukani.

Hesabu hiyo hudanganya. Haina muda wa chooni, wa kula, wa mtoto kutapika, wala wa upepo unaomlazimu dereva kupunguza mwendo. Familia ikijibana kwenye siku tano, watoto wataiona Iceland kupitia kioo cha gari.

Kwa siku 10, wastani ni kilomita 132 kwa siku. Zinabaki saa za kutosha kwa watoto kucheza. Mwenye siku tano afanye upande wa kusini peke yake: kutoka Reykjavík, apite maporomoko ya Seljalandsfoss na Skógafoss, alale Vík, kisha afike Jökulsárlón, ziwa lenye vipande vikubwa vya barafu vinavyoelea. Atarudi kwa barabara ileile bila kukimbizana na saa.

Siku ya kwanza isiwe ya mwendo mrefu. Uwanja wa ndege wa Keflavík uko kama kilomita 50 kutoka Reykjavík, panatosha. Dereva aliyezoea Tanzania au Kenya akumbuke kwamba Iceland huendesha kulia, na taa huwashwa muda wote, hata mchana. Kwenye changarawe ukomo ni kilomita 80. Madaraja mengine ni membamba, yanapitisha gari moja kwa wakati. Anayefika kwanza ndiye anayepita.

Mtoto ambaye hajafikisha sentimita 135 lazima awe na kiti chake maalumu. Kiagizwe pamoja na gari, kwa kutaja umri, urefu na uzito wa mtoto. Mlango wa gari afungue mtu mzima akiushika kwa nguvu, kwani upepo wa huko unaweza kuupindua.

Hatari kubwa zaidi iko mahali panapovutia. Ufukwe wa mchanga mweusi wa Reynisfjara, karibu na Vík, hupata mawimbi ya ghafla yanayopanda mbali na kuvuta watu baharini. Watu kadhaa wamefariki hapo, akiwamo mtoto mwezi Agosti 2025. Kuna taa za tahadhari. Ikiwa nyekundu, familia isishuke ufukweni. Hata siku tulivu, mtoto ashikwe mkono na bahari isipewe mgongo.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha gari, wazazi wasome hali ya hewa kwenye vedur.is na hali ya barabara kwenye umferdin.is. Barabara ikifungwa, wabaki walipo. Ndiyo maana ratiba inahitaji angalau siku moja isiyo na kazi. Siku hiyo haipotei: karibu kila mji una bwawa la kuogelea lenye maji ya moto, na watoto huoga hata mvua ikinyesha. Namba ya dharura ni 112.

Mwezi Juni usiku hauna giza kamili, hivyo mtoto mdogo abebewe kitambaa cha kufunika macho. Desemba mwanga wa jua haufiki saa tano kwa siku jijini Reykjavík. Safari ya kuzunguka na watoto wakati huo ni ngumu.

Iceland imo katika eneo la Schengen. Wenye pasipoti za Tanzania au Kenya wanahitaji viza, na kila mtoto anaombewa ya kwake. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15. Tarehe hiyo ndiyo ya kwanza kuandikwa kwenye kalenda ya nyumbani.