Kabla ya Kuchukua Fimbo Nyingine, Angalia Nira

Nitasema wazi, na anayetaka kunitukana aanze mapema: punda wengi wanaopigwa mashambani hapa Machakos hawana kosa lolote. Kosa liko kwenye ule mti uliowekwa shingoni mwao, na kwenye mnyororo uliofungwa bila mtu kuupima. Mwenye shamba anaona plau haisongi, punda wamesimama, na badala ya kutumia dakika kumi kurekebisha anaokota fimbo. Halafu jioni anatuambia ati punda ni mkaidi.

Wasee, hebu tuongee kama watu wazima.

Sisi Ukambani tunategemea mvua za Oktoba hadi Desemba. Hizo za Machi huja zikitaka, zikikataa zinakataa. Ndiyo maana kule Katumani walikaa miaka wakitafuta mahindi yanayokomaa haraka, kwa sababu dirisha letu ni dogo. Anayepanda mvua inapoanza anavuna. Anayechelewa wiki mbili anabaki kuangalia mahindi yakinyauka yakiwa na maua. Kwa hivyo plau ikikusumbua siku tatu, umepoteza siku tatu za chakula cha familia. Hii si stori ya kuonea wanyama huruma peke yake. Ni stori ya sufuria.

Sasa, tatizo lenyewe. Nira tunayotumia iliundwa kwa ng'ombe, tena ng'ombe wa aina yetu, zebu mwenye nundu. Ule mti unakaa mbele ya nundu, mnyama anasukuma, nundu inaushika. Iko sawa kabisa. Ng'ombe wakaisha. Ukame ukachukua, karo ya shule ikachukua, mahari ikachukua. Watu wakahamia punda, kwa sababu punda ni wa bei nafuu na anavumilia kiangazi. Lakini nira ikabaki ile ile!

Mwangalie punda vizuri. Nundu iko wapi? Hana. Shingo yake ni nyembamba na mifupa iko karibu na ngozi. Nguvu yake ya kuvuta iko kifuani na mabegani. Ukimwekea mti wa ng'ombe, unateleza mbele na nyuma ukimsugua, mzigo wote unamkalia kwenye mfupa. Siku ya kwanza nywele zinatoka. Siku ya tatu kuna kidonda. Siku ya tano anasimama katikati ya mtaro, na wewe ungesimama pia.

Na si siri mpya hii. Wachina walikuwa wanawavutisha farasi kwa mkanda wa kifuani zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Ulaya ilikaa karne nyingi ikimwachia maksai kazi ya plau, mpaka kola ya mabegani ilipoenea zama za kati ndipo farasi akaanza kulima kwa nguvu zake zote. Mnyama alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni mahali mzigo unapomgusa.

Punda anataka mkanda mpana kifuani, sentimita nane hadi kumi hivi. Ukae juu ya kiungo cha bega ili mguu uende mbele bila kizuizi, na chini ya koromeo ili apumue. Kuna mkanda mwingine wa kupita juu ya shingo au mgongo kuushikilia usishuke. Kamba mbili zinatoka ubavuni, zinaenda nyuma kwenye kijiti kinachocheza, na kijiti ndicho kinachoshika mnyororo. Kile kijiti watu wanakidharau, lakini bila hicho kila hatua ya bega inausugua mkanda kifuani. Kikicheza, mkanda unatulia.

Najua mtasema pesa. Mkanda wa kiti cha gari kuukuu, kwa mafundi wa jua kali, unapatikana. Turubai iliyokunjwa mara tatu inatosha. Ndani weka kipande cha blanketi kinachofuliwa. Usitumie kamba ya nailoni wala waya, hivyo ni visu. Mtu ananunua fimbo, dawa ya vidonda, na kibarua wa kuvuta punda kwa mbele, halafu anasema mkanda ni gharama.

Tuje kwa mnyororo, na hapa hata wenye ng'ombe wasikilize, kwa sababu hawajapona.

Kuna mstari mmoja unaotawala kila kitu: kutoka pale mnyama anapovutia, upite kwenye kile chuma chenye matundu mbele ya plau, mpaka pale udongo unapokaza chini. Mstari huo ukinyooka, plau inatembea yenyewe na unaishika kwa mkono mwepesi. Mnyororo ukiwa mfupi sana, pua ya plau inainuka, inakwaruza juu juu, na wewe unaning'inia kwenye mikono ya plau ukiikandamiza kama mtu anayezima moto. Ukiwa mrefu sana, pua inachimba, gurudumu linabeba uzito wote, na wanyama wanavuta kaburi.

Sasa fikiria umetoa ng'ombe ukaweka punda, lakini ukaacha mnyororo wa ng'ombe. Punda ni mfupi, na akivalishwa mkanda wa kifuani anavutia kutoka chini zaidi. Mstari unalala. Plau inazama. Unaona punda wameshindwa, kumbe umewaongezea kazi kwa mnyororo uliozidi. Punguza pete moja, jaribu. Punguza nyingine, jaribu tena. Gurudumu likianza kugusa udongo kidogo tu bila kuuchimba, simama hapo, umefika. Kama bado inazama, shusha mnyororo tundu moja kwenye kile chuma. Ikikwaruza juu, pandisha. Ukitaka ikate pana, sogeza upande wa mtaro uliokwisha kulimwa. Ukitaka nyembamba, rudisha. Hiyo ndiyo shule yote, na haina karo.

Shida ni kwamba plau nyingi nilizoziona hazina hata hicho chuma. Kilipotea, au kimeshika kutu mpaka hakisogei, na mnyororo umefungwa kwa waya mahali popote. Mwaka jana mimi mwenyewe nilinunuliwa plau dukani, mpya, rangi inang'aa, na pini ya kurekebishia haikuwemo. Nikauliza. Nikaambiwa, "Hiyo watu hawaitumii, kijana." Hawaitumii kwa sababu hamuwauzii!

Na palizi je? Wengi wetu tunapalilia kwa plau ile ile na nira ile ile fupi ya kulimia. Kama mistari yako ya mahindi ina sentimita 75 na unataka chuma kipite katikati, basi mnyama mmoja apite nafasi ya kushoto na mwingine ya kulia, na nira iwe na sentimita 150 kati yao. Ukiweka fupi, wanakanyaga mahindi, unapiga, wanakanyaga zaidi. Mti mmoja mrefu zaidi. Mti tu.

Sasa nijibu wale wa trekta, maana najua mko hapa. Trekta ni nzuri. Kwenye shamba tambarare kule Yatta, sina ubishi. Lakini twende Kathiani au Mua, kwenye matuta ya fanya juu yaliyojengwa na nyanya zetu kwa jembe na koleo, uniambie trekta itageukia wapi. Na hata ikigeuka, zamu yako itafika lini? Mvua haisubiri foleni ya kaunti. Kila kampeni tunaonyeshwa trekta zimepangwa uwanjani kama harusi. Sijawahi kuona mwanasiasa akizindua mkanda wa punda, kwa sababu haupigwi picha vizuri.

Wale wa "wazee wetu walitumia nira hivi hivi" nao wanisikilize. Wazee wetu hawakuwa watu wa kuganda. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos hii yetu, wakaonyesha kwamba tangu miaka ya 1930 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko wa udongo ukapungua. Waliweza kwa kubadilisha vitu: matuta, mbegu, na plau yenyewe, ambayo ilienea kwa pesa za wakulima na mishahara ya mjini. Na mwaka 1938, Wakoloni walipochukua ng'ombe kwa nguvu, Muindi Mbingu aliongoza maelfu kutembea kwa miguu mpaka Nairobi. Watu waliotembea hivyo kwa ajili ya mifugo yao wangetucheka tukishindwa kubadilisha kamba.

Na mwenye kusema punda ni wengi, ukimuua huyu utapata mwingine, hesabu inakataa. Sensa ya 2009 ilipata punda kama milioni 1.8 Kenya. Ya 2019 ikapata takriban milioni 1.2. Katikati hapo tulikuwa na vichinjio vinne vyenye leseni, kimoja hapa hapa Machakos, ngozi zikielekea China. Waziri Munya alipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikatengua mwaka 2021, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuzuia biashara hiyo ya ngozi bara zima. Punda uliye naye leo, mtunze.

Ukweli mwingine, ili msinione nimelewa mapenzi ya punda: punda ana mpaka. Mnyama wa kazi ya saa nyingi huvuta karibu moja ya kumi ya uzito wake. Maksai wawili wa kilo 300 wanakupa kama 60. Punda wawili wa kilo 150 wanakupa 30, nusu yake. Kwa hivyo udongo mweusi mzito uliokauka, na plau kubwa, na punda wawili, hapana. Weka wanne, au tumia plau ndogo, au wape palizi na mkokoteni. Hata mkanda mzuri hauwezi kumfanya punda awe fahali.

Ninachodai ni kidogo. Maafisa wa kilimo wa kaunti, kabla Oktoba haijafika, tokeni ofisini na mkanda mmoja na spana moja, mpite soko la Masii, Tala na Matuu, muwafundishe mafundi wa jua kali vipimo. Wenye maduka, uzeni plau ikiwa kamili. Na sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura 360, ipo tayari. Anayelimisha mnyama mwenye kidonda kilicho wazi anavunja sheria, tuache kujifanya hatujui.

Na wewe mwenye shamba: kesho asubuhi inua nira, uangalie ngozi iliyo chini yake. Kama kuna kidonda, usiniambie punda wako ni mkaidi. Nitumie picha ya mnyororo wako na urefu wake, tuhesabu pete pamoja.