Kicheko Matangani: Kutetea Dhihaka Juu ya Vita

Wapo walimu wa fasihi, na si wachache, wanaoshikilia kwamba vita si jambo la kuchekwa. Husema kwamba kifo hudai heshima, na kwamba mwandishi anayewachekesha watu kwa habari za maiti na majeneza amewakosea adabu waliokufa. Hoja hii huzidi nguvu katika nchi kama yetu, iliyozika askari wake wa vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Basi riwaya za kejeli juu ya vita huwekwa kando, na sinema za aina hiyo huitwa mzaha wa Wazungu walioshiba. Mimi nasema kwamba hoja hiyo ni potofu, na tena ni ngeni katika utamaduni wetu kuliko vitabu vyenyewe inavyovikataa.

Mtu aliyelelewa katika jamii yenye utani hahitaji kufundishwa kwamba kicheko na kilio huweza kukaa katika nyumba moja. Mtani huingia matangani akiiga mwendo wa marehemu na sauti yake. Huziba njia ya kaburini, au hujilaza kaburini humo, akakataa kuondoka mpaka apewe chochote. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka, na hakuna mzee anayesimama kumfukuza. Tena mtani ana ruhusa ya kuyasema yale ambayo ndugu hawathubutu: kwamba marehemu alikuwa bahili, au kwamba hao wanaolia kwa sauti kuu hawakumpelekea hata kibaba cha unga alipokuwa mgonjwa. Huo ndio ukweli unaohitaji kicheko ili upate kupita. Nashangaa basi kumwona mwalimu aliyeyaona hayo kijijini kwao akishtuka anapoyakuta kitabuni.

Tukitazame kitabu kimoja kwa makini. Joseph Heller, Mmarekani, alikuwa mtupa mabomu katika ndege za kivita zilizopigana Italia mwaka 1944, akaruka safari 60 za mapigano. Mwaka 1961 alitoa riwaya iitwayo Catch-22. Jina hilo ni la kanuni ya jeshi iliyobuniwa na mwandishi: askari mwenye wazimu hapaswi kurushwa, ila sharti aombe mwenyewe kusamehewa, na mara aombapo huwa ameonyesha kwamba anaogopa kufa, na anayeogopa kufa ana akili timamu, basi na aruke. Kanuni hiyo imetajwa mno hata imechakaa. Kisa kizito zaidi, kwa maoni yangu, ni kile cha daktari wa kikosi, Daneeka.

Daktari huyo anaogopa ndege. Ili asipoteze posho ya kuruka, jina lake huandikwa katika orodha ya waliomo ndegeni, naye hubaki chini salama. Siku moja ndege ambayo jina lake limo inagonga mlima. Daktari yuko pale pale, anaitazama pamoja na wenzake. Sajini mwenye orodha anasikitika kwamba daktari amekufa, ilhali daktari mwenyewe amesimama ubavuni pake akipinga. Wasaidizi wake wa zahanati wanamweleza kwamba huenda ndiyo sababu siku zote huhisi baridi. Jeshi halimtambui tena. Mkewe analetewa rambirambi na fedha za bima. Mume anapomwandikia kwamba yu hai, mwishowe mama huyo anahama na watoto wake pasipo kuacha anwani. Na kanali, kwa kusikia kwamba daktari naye amekufa, anaongeza idadi ya safari za hatari wanazodaiwa walio hai, kutoka 65 hadi 70.

Msomaji hucheka, kisha hujikuta anauliza anacheka nini. Katika jeshi lile karatasi ndiyo mtu, na mwili ni nakala tu yake. Nakala isipolingana na karatasi, nakala ndiyo yenye makosa. Mwandishi angaliweza kutuambia kwa maneno ya huzuni kwamba vita haithamini utu. Tungaliitikia kwa vichwa, tukafunga kitabu, tukalala usingizi. Maneno ya huzuni yamekwisha kutekwa na wale wale wanaowapeleka vijana vitani: wao ndio wanaoandika barua za rambirambi, na huziandika vizuri. Heller anaionyesha barua hiyo ikiwa imetumwa kwa mke wa mtu aliye hai, na tangu hapo hatuwezi kuisoma barua ya namna hiyo kwa imani ya zamani.

Stanley Kubrick alijifunza jambo hilo kwa njia nyingine. Filamu yake Dr. Strangelove, iliyotoka mwaka 1964, ilitokana na riwaya ya Peter George ya mwaka 1958 ambayo haina mzaha wowote. Kubrick alianza kwa nia ya kutengeneza filamu nzito, lakini kila alipoutafakari utaratibu halisi wa silaha za nyuklia aliona kwamba unachekesha wenyewe, na kwamba kuuondoa upuuzi huo kungekuwa kusema uongo. Katika filamu hiyo Warusi wametengeneza mtambo wa kuiangamiza dunia ili kumtisha adui, kisha wakauficha adui asiujue. Afisa mmoja anataka kumpigia Rais simu ili kuokoa ulimwengu, hana sarafu za kutosha. Anamwomba kanali aipige risasi mashine ya kuuzia Coca-Cola apate chenji, na kanali anasita kwa kuwa mashine hiyo ni mali ya kampuni. Mtu aliyewahi kukataliwa huduma kwa kukosa muhuri ataielewa sinema hii kuliko mtaalamu wa makombora.

Sisemi kwamba kila kicheko juu ya vita ni halali. Sinema ya M*A*S*H, iliyotoka mwaka 1970, imesifiwa sana, nami sikubaliani na sifa zote hizo. Madaktari wake wanawacheka wakubwa wa jeshi, na hapo wana haki. Lakini wanamvua heshima muuguzi wa kike mbele ya kambi nzima, nasi tunatakiwa kushangilia. Na Wakorea, ambao nchi yao ndiyo iliyokuwa inateketezwa, wanapita nyuma kama vivuli. Mtani hamfanyii hivyo mjane. Hapo kicheko kimehama upande, kimekwenda kukaa na wenye nguvu, na mwalimu anayekipinga yuko sawa.

Tena wanaodai kwamba dhihaka ya namna hii ni ya Wazungu peke yao wasome Sozaboy, riwaya ya Ken Saro-Wiwa wa Nigeria iliyotolewa mwaka 1985, inayotokana na vita vya Biafra vya mwaka 1967 hadi 1970. Kijana Mene anaingia jeshini kwa kuwa anapenda sare, na kwa kuwa mchumba wake anataka mume mwenye nguvu. Haelewi anapigana na nani, na kutokuelewa kwake kunachekesha mpaka mabomu yaanze kuanguka. Anaporudi kijijini anakuta mama yake na mke wake wamekwisha kufa. Yeye mwenyewe haruhusiwi kuishi: watu wana hakika kwamba alikufa vitani, kwamba huyu ni mzuka uliokuja na maradhi yanayowaua, na mganga amekwisha kutaja gharama za kuuondoa. Saro-Wiwa hana orodha wala sajini, lakini amefika mahali alipofika Heller, mahali ambapo mtu anasimama mbele ya wenzake akipumua nao wanamthibitishia kwamba amekufa. Mene anaondoka akikimbia.

Nasi hatukukosa visa vya namna hiyo katika ardhi yetu. Vita Kuu ya Kwanza ilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Huku Afrika Mashariki na Kati habari hiyo ilichelewa, na jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck liliendelea na kampeni yake katika Rhodesia ya Kaskazini, likaiteka Kasama. Lilisalimu amri rasmi huko Abercorn, ambao sasa ni mji wa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Mizigo ya majeshi yote mawili ilibebwa na wapagazi Waafrika, waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita hivyo, wengi wao kwa njaa na maradhi. Kikosi chao cha upande wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na kimetuachia jina la Kariakoo, ambapo leo tunanunua nyanya. Waandishi wetu wameyaandika majonzi ya wakati huo. Ningependa sasa kumsoma atakayemfuata mpagazi mmoja kuanzia asubuhi ya tarehe 12 Novemba, akiwa na mzigo kichwani na mnyapara nyuma yake, akipanda kilima katika vita iliyokwisha jana.