Jibu la 31 lilikuwa sahihi: waliotolewa warudishwe



Tunaandika juu ya ule mchezo wa kutoana unaopita kwenye magrupu ya WhatsApp, ule ambao wengi wenu mnaufuata kila magharibi. Kila mchezaji alilipa feza ya kuingia kwa simu. Kila raundi iko na swali moja. Anayekosa anatoka, na wa mwisho kubaki anakamata feza yote. Mpaka hapo hatuna neno. Neno letu linaanzia kwenye raundi ya fumbo la hesabu.

Swali lilikuwa hili: «Namba gani inafuata: 1, 2, 4, 8, 16…?» Sekunde 60, basi. Hakuna kanuni iliyotolewa, hakuna maelezo. Adimini alitangaza kwamba jibu ni 32, na wote walioandika namba nyingine wakatolewa papo hapo. Kati yao walikuwemo wenzetu walioandika 31. Mmoja alituma maelezo na mchoro kuonyesha alivyopata jibu lake. Alijibiwa: «Neno ya admin njo ya mwisho.» Kisha akaondolewa hata kwenye grupu.

Sisi tunasema wazi: 31 ni jibu sahihi. Na hatuombi mtu atuamini kwa maneno tu. Kamata karatasi na biki.

Chora duara. Weka nukta moja kwenye ukingo wake: duara bado ni kipande 1. Weka nukta mbili, ziunganishe kwa mstari: vipande 2. Nukta tatu, kila moja iunganishwe na zingine zote: vipande 4. Nukta nne: 8. Nukta tano: 16. Sasa weka nukta sita, ukichunga mistari mitatu isikutane pahali pamoja. Kila mtu anangojea 32. Hesabu polepole, hesabu tena. Utapata 31. Haitakuja 32 hata ukichora mpaka asubuhi.

Hutaki kuchora? Chukua namba 496. Tafuta namba zote zinazoigawanya bila kubakiza kitu, kuanzia ndogo: 1, 2, 4, 8, 16… na inayofuata ni 31. Baada yake ni 62, 124, 248, na 496 yenyewe. Hizi si hila za mtandaoni. Ni hesabu ambayo mwalimu yeyote wa sekondari anaweza kuihakikisha ubaoni.

Hatusemi 32 ni kosa. Ukizidisha kila namba mara mbili, unafika 32, na aliyejibu hivyo alijibu vizuri. Kosa liko kwenye swali. Namba tano peke yake hazitoshi kumlazimisha mtu afuate njia moja. Ilitakiwa kuongeza maneno machache tu: «kila namba ni mara mbili ya ile iliyotangulia». Hapo 32 ingebaki peke yake na hakuna mtu angelalamika. Bila maneno hayo, swali halikupima hesabu. Lilipima nani anawaza kama adimini. Aliyeishia kwenye wazo la kwanza alipita, na aliyefikiri mbali zaidi alifukuzwa.

Tunajua watakaosema: «Ni muchezo tu, mutuache tucheze.» Wandugu, feza iliyolipwa si ya mchezo. Kuna waliotoa feza ya karo, kuna waliotoa feza ya unite ya wiki nzima. Na kuna jambo kubwa kupita feza: ni mazoea tunayojifunza pale.

Angalieni yule mwenye mchezo. Yeye ndiye anayetunga swali, ndiye anayeweka jibu mfukoni, ndiye anayesahihisha, ndiye anayetoa watu, na ndiye anayepokea malalamiko juu yake mwenyewe. Mtu mmoja, kazi tano. Hata angekuwa mwema kama malaika, siku akikosea hakuna mlango wa kupitia kumwambia. Nasi tumezoea. Tumezoea sana kuambiwa matokeo bila kuonyeshwa hesabu.

Na waliobaki je? Hapa tunawasemesha ninyi mliopita raundi ile. Wengi wenu mliona ule mchoro kabla haujafutwa. Mliuelewa. Mkanyamaza. Tunajua sababu: katika mchezo wa kutoana, kila anayetolewa anakuongezea nafasi wewe uliyebaki. Mchezo wenyewe umepangwa ili uwe na faida katika maonevu ya mwenzako. Adimini hahitaji kukulipa ili umtetee. Inatosha usitolewe leo.

Siye watu wa Beni na Butembo tunaujua ule ukimya. Tarehe 26 Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hazitapiga kura pamoja na nchi nzima. Kwetu sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama. Kura yetu ilisukumwa mpaka Machi 2019, na rais aliapishwa tarehe 24 Januari. Wapiga kura zaidi ya milioni moja walitolewa kwenye hesabu ya rais kabla hesabu haijaanza. Hakuna aliyetuuliza jibu letu. Tarehe 30 Desemba raia wa Beni walipanga mistari na kupiga kura yao wenyewe, wakijua haitahesabiwa, ili ionekane kwamba wako.

Hatusemi mchezo wa simu ni sawa na uchaguzi wa nchi. Tunasema kijana anayezoea kumeza «neno ya admin njo ya mwisho» kwenye simu yake, kesho atameza neno hilo hilo kwenye kata, kwenye auditoire, kwenye ofisi ya kura. Kudai kuonyeshwa hesabu ni tabia. Inaanza na vitu vidogo ao haianzi kabisa.

Kwa hiyo tunadai:

1. Wote waliojibu 31 warudishwe mchezoni kwenye raundi ile ile, wala wasitozwe feza nyingine.

2. Raundi ile ifutwe na irudiwe kwa swali lenye kanuni iliyo wazi. Kwa kuwa swali halikuwa na kanuni, aliyetolewa kwa namba nyingine naye apewe nafasi ya kuonyesha njia yake.

3. Kuanzia sasa, jibu litangazwe pamoja na njia ya kulipata, mbele ya wachezaji wote.

4. Kila raundi iwe na muda wa kupinga jibu, na anayeamua pingamizi asiwe yule aliyetunga swali.

5. Asiyetaka kuendelea kwa masharti haya arudishiwe feza yake yote.

Ninyi mliobaki mchezoni, tunawaomba kitu kimoja: msijibu swali linalofuata mpaka wenzenu warudi. Mchezo bila wachezaji haupo. Adimini anaweza kutoa mmoja, anaweza kutoa kumi. Hawezi kuwatoa wote akabaki na mchezo.

Na ninyi mnaotufuata: msimtukane mtu, msitafute nyumba ya mtu, msitishe mtu kwa ujumbe. Matusi yatampa adimini sababu ya kufunga grupu na kuondoka na feza. Tuma mchoro. Duara moja, nukta sita, vipande 31 vyenye namba juu yake. Utume kwenye kila grupu ambapo mchezo unapita, na chini yake andika swali moja tu: «Tuonyeshe hesabu.»

Akifuta, tuma tena.

Raia anayehesabu hadanganyiki!